Historia yatima za vasheni ni kitu gani?

Unafuta ukurasa kwenye ripozitori ya kontenti, unaona kabisa umeondoka, halafu ukicheki disiki nafasi iko vilevile. Ni kwa sababu ulichofuta ni noodi yenyewe tu (noodi ni kipande cha kontenti, hapa ni huo ukurasa), historia yake ya vasheni, yaani matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa, hukuigusa.

Kwa ripozitori za JCR, ule utaratibu wa Java wa kufikia ripozitori za kontenti uliotoka 2005 kama JSR 170 na kufuatiwa na JSR 283 mwaka 2009 (Apache Jackrabbit na Oak ndo za ukoo huo), kila noodi inayotunziwa vasheni inapewa historia yake, na historia hiyo haikai chini ya noodi, inakaa mbali kwenye stoo ya pamoja, /jcr:system/jcr:versionStorage. Kinachowaunganisha ni UUID ya noodi (namba yake ya kipekee) basi, historia inaiandika kwenye jcr:versionableUuid. Noodi ikifutwa, historia inabaki imeshika namba ya mwenzake ambaye hayupo tena. Hiyo ndo yatima. Kuhamisha noodi hakuleti yatima, maana UUID inaenda nayo.

Na wala si bagi, imeachwa hivyo makusudi. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya unaweza kukirudisha kutoka kwenye vasheni zake. Halafu stoo ya vasheni ni moja kwa workspesi zote (sehemu tofauti ndani ya ripozitori moja), kwa hiyo noodi inaweza kuwa imefutwa huku kumbe pacha wake mwenye UUID ileile bado anadunda workspesi nyingine na wanatumia historia hiyohiyo. Ukikagua workspesi moja tu ukaanza kufuta, umeharibu.

Kuwatafuta mayatima ni rahisi, rahisi mno hadi inatia wasiwasi: skripti inapita historia moja moja, inasoma UUID, inaitafuta noodi, ikipata ItemNotFoundException (kosa la "kitu hakipo") inasema huyu yatima. Tatizo ni kwamba ripozitori inatoa jibu hilohilo hata pale noodi ipo ila akaunti yako hairuhusiwi kuiona! Yaani skripti ukiiendesha na yuza mwenye ruhusa nusunusu itaona mayatima kila kona, ianze kufuta historia za kurasa zilizo hai. Vasheni ya msingi itagoma kufutika kwa sababu noodi hai bado inairejelea, lakini zile za zamani zitaondoka kimyakimya. Mimi hii naiendesha kwa admini tu, na raundi ya kwanza inaandika orodha bila kufuta chochote, naisoma kwanza.

Kwenye kufuta kwenyewe unaita removeVersion kwa kila vasheni, ila ile ya mzizi, jcr:rootVersion, haikubali kuondolewa hivyo. Na kumbuka removeVersion haisubiri useme save, ukishaita imeshaandikwa, hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo bekapu iwepo kabla.

Ukimaliza usishangae disiki haijapungua. Picha na PDF zinakaa kwenye data stoo (ghala la mafaili makubwa), na faili lenye baiti zilezile linawekwa mara moja tu, kwa hiyo kama kuna ukurasa hai unaolitumia, halitoki. Yale yasiyotumika na yeyote yanangoja gabeji kolekshen ya data stoo (usafishaji wa visivyotumika) ipite, na kama ni Oak inayotunza data kwa segimenti, kompaksheni (kubana data na kuacha ya zamani) nayo ipite. Kabla ya hapo namba ni ileile ya jana.