Kana ikitikisika, anzia chini

Nahodha akinijia na kusema, "Fundi, usukani unacheza," kwanza humwomba asikaze nati yoyote. Nati ikishakazwa, mchezo hujificha siku mbili tatu, kisha hurudi mashua ikiwa mbali na pwani.

Usukani wa mashua ndogo una maungio machache: pale kana, yaani mti anaoushika nahodha kuongozea, inaposhika kichwa cha usukani, pale pini za rumada, yaani bawaba za usukani, zinapokaa ndani ya pete zake, na pale rumada zenyewe zilipofungwa kwa bolti kwenye fashini, ule mti wa wima wa nyuma ya mashua, na kwenye bapa la usukani. Mkono wa nahodha huyahisi yote mahali pamoja, kwenye ncha ya kana. Ndiyo maana wengi huilaumu kana.

Hapa Nungwi, Zanzibar, nangoja bamvu, siku za maji makubwa. Maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na yakishakupwa mashua inakaa mchangani, usukani wote nje. Msaidizi analishika bapa kwa mikono miwili na kulibana lisisogee. Mimi naisukuma kana kushoto na kulia, polepole. Kana ikienda huku bapa limetulia, kosa liko kichwani. Usishangae likionekana kubwa: tundu la kana lenye urefu wa sentimita 10 likipwaya milimita 2 tu, ncha ya kana ya mita moja itacheza karibu sentimita 2. Kabari ya mti mgumu au kipande kipya cha mbao humaliza kazi.

Kana na bapa vikienda pamoja, naiacha kana na kupiga magoti. Nashika pembe ya chini ya bapa, nasukuma upande, navuta kuja kwangu, nanyanyua juu. Mkono wa pili uko kwenye rumada, kidole kimoja nusu juu ya pini na nusu juu ya pete. Jicho hudanganywa na rangi. Kidole husikia hata nusu milimita. Kisha nahamisha kidole: nusu kwenye chuma cha rumada, nusu kwenye mbao ya fashini. Hapo ndipo penye siri.

Mwaka jana nililetewa mashua iliyokwisha badilishwa kana mara mbili. Pini ya juu ilikuwa nzima. Ya chini ilipwaya kidogo, jambo la kawaida, kwa kuwa inakaa majini na mchanga huisaga. Lakini niliposukuma bapa, chuma cha rumada ya chini kilisogea juu ya mbao, na pembeni mwake likachuruzika tone la maji ya kahawia. Tone lile lilitosha. Nilichomoa bolti: kichwa kinang'aa, shina limeliwa hadi kuwa jembamba kama njiti ya kiberiti. Chuma kisichoshika kutu huhitaji hewa ili kijilinde. Kikifungiwa ndani ya mbao iliyolowa, huliwa kimyakimya. Nahodha alikuwa akiikaza bolti ile kila wiki. Angeikaza mara moja zaidi, ingekatika.

Kwa hiyo bolti ya chini ichomolewe itazamwe, hata kama haijalegea. Tundu lake lichokonolewe kwa ncha ya kisu. Mbao nzima hukataa kisu; iliyooza hukipokea kama muhogo uliochemshwa, na hapo bolti nene zaidi haisaidii kitu. Sehemu hiyo ya fashini ikatwe, itiwe mbao mpya. Wala usichanganye rumada ya shaba na bolti za chuma cha kawaida, maana ndani ya maji ya chumvi chuma ndicho kitakacholiwa.

Kama ni pini tu, napima nafasi kwa mashina ya keekee: linaloingia kwa kubana ndicho kipimo. Nusu milimita naiacha, kwani usukani usiopwaya kabisa huganda. Ikifika milimita 2 natia bushi, kibomba chembamba kinachovishwa kati ya pini na pete. Ukitumia nailoni, ilegeze kidogo, kwa sababu hufyonza maji na kuvimba. Nimewahi kuona usukani uliozunguka vizuri nchi kavu ukakaza baada ya siku chache baharini.

Baada ya matengenezo, toka na upepo wa wastani, shika kana kwa vidole viwili, na usikilize. Mgoto mmoja kila wimbi linapopiga tezi, yaani nyuma ya mashua, ni pini. Ukisikia mlio wa kusagana ndani ya mbao, geuza urudi pwani.