Mhusika wako ameokota mkuki. Anaujua?

Wiki iliyopita mezani kwangu mhusika mmoja aliangusha upanga wake mtoni katikati ya mapigano, akaokota mkuki wa adui aliyekwisha kufa. Mchezaji wake akanitazama: "Kaka, huu naujua au siujui?"

Nimeendesha michezo ya kuigiza ya mezani kwa miaka, ile ambayo kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini na dadu zinaamua kama ameweza, na swali hili silichoki. Kila mchezo una jibu lake, na jibu hilo linakuonyesha waandishi wake waliamini binadamu hujifunzaje.

Kwenye Dungeons & Dragons ya kwanza, mwaka 1974, kazi ya mhusika ndiyo iliyoamua. Mpiganaji alishika silaha yoyote, mchawi akabaki na jambia. Toleo la Advanced la mwaka 1978 likaleta hesabu: mpiganaji anaanza na silaha 4 anazozijua, anaongeza 1 kila baada ya levo 3, yaani ngazi anazopanda mhusika kadiri anavyocheza, mchawi anaanza na 1, na kuongeza nyingine ni mpaka levo 6 zipite. Akishika asiyoijua, mpiganaji anakatwa 2 kwenye dadu ya pande 20 inayoamua kama pigo limepata, mchawi anakatwa 5. Hesabu ni nyepesi, haichelewishi mchezo. Ila kule kujifunza kwenyewe hukuoni. Mhusika kashinda miezi mapangoni hajagusa upinde hata siku moja, akipanda levo anatoka mlenga shabaha.

Mwaka huohuo wa 1978 ukatoka mchezo wa RuneQuest wa kampuni ya Chaosium, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Steve Perrin, mmoja wa walioiandika, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Society for Creative Anachronism, chama kilichozaliwa Berkeley, Marekani, mwaka 1966. Wanachama wake huvaa kofia za chuma na kupigana kwelikweli kwa panga za henzerani. Ukisoma kanuni za RuneQuest unaona kwamba kuna mtu hapa anayejua mkono unavyochoka.

Kila silaha ina asilimia yake ya ustadi, yaani nafasi yako ya kupiga ukapata. Ukifanikiwa kuitumia pabaya panapohusika roho yako, unatia alama pembeni yake kwenye karatasi ya mhusika. Safari ikiisha unarusha dadu zinazotoa namba 1 hadi 100, na ili ustadi uongezeke lazima upate namba iliyo juu ya ule ulionao. Mwenye 30 ana nafasi 70 katika 100. Mwenye 80 ana nafasi 20 tu. Mwanagenzi anapanda mbio, fundi anasota. Yeyote aliyewahi kujifunza ushonaji au gitaa anaijua hali hiyo. Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa Chaosium wa mwaka 1981, uliirithi kanuni hiyo, na bado unaitumia.

Ina udhaifu wake, nami nimepambana nao sana. Wachezaji hugundua kwamba kila silaha inaweza kupata alama, basi mtu anapiga pigo moja la upanga, anautupa, anachomoa sime, pigo moja, anachukua rungu. Pambano linageuka kukusanya alama. Mimi nimeweka sharti: alama inahesabiwa kama silaha ilikuwa mkononi tangu pambano lianze, au kama hukuwa na nyingine. Tangu hapo fujo ile imekwisha.

Kuhusu muda, Dungeons & Dragons ya 2014 inataka siku 250 na sarafu 1 ya dhahabu kila siku ili ujifunze lugha au vifaa vya kazi fulani. Silaha haikuzitaja, ingawa mezani kwangu nimeiazima kwa silaha pia.

GURPS, mchezo mwingine wa aina hii wa mwaka 1986, unakwenda mbali zaidi. Saa 200 za kufundishwa na mwalimu zinakupa pointi 1 ya kuongezea ustadi. Saa za kujifunzia kazini huhesabiwa robo tu. Tena unatambua kwamba silaha zina undugu. Ajuaye kupigana kwa fimbo anaushika mkuki kwa pungufu ya 2 tu, kwa sababu miguu inakaa vilevile na mikono miwili inateleza kwenye mti uleule. Anayetegemea wepesi wa mwili peke yake anapungukiwa 5.

Undugu huo ndio niliouwaza mtoni pale. Nikamuuliza: "Dada, kabla ya upanga huyu alikuwa anashika nini?"

Akafikiri kidogo. "Alichunga mbuzi. Fimbo."

Nikampa asilimia 25. Akakosa mara mbili, ya tatu akamchoma adui begani, akatia alama. Usiku tulipofunga mchezo akarusha dadu: 61. Dadu ya pande 6, ambayo mezani kwangu ndiyo ya nyongeza, ikampa 4. Akafuta 25 kwa kifutio, akaandika 29 kwa penseli, kisha akauliza kama kijiji kinachofuata kina mtu anayefundisha mkuki, na anatoza kiasi gani.