"Ice" ya Kiingereza: yanayodhaniwa na yalivyo

Kwa kuangalia tahajia tu, wengi wanaojifunza Kiingereza huamini kwamba "ice" (barafu) limetoka Kifaransa. Sivyo. Wafaransa husema glace, neno lenye asili ya Kilatini. "Ice" ni la ukoo wa lugha za Kigermaniki: Kiingereza cha kale kiliandika is, irabu ikivutwa, na hadi leo Wajerumani husema Eis, Waholanzi ijs. Herufi c ndiyo ngeni. Ilianza kuonekana karne ya 15 kwa kufuata mtindo wa uandishi wa Kifaransa, na mice (panya) na lice (chawa) yakapata c kwa mkondo huohuo.

Dhana inayochekesha zaidi ni ya icicle, ile barafu iliyochongoka inayoning'inia ukingoni mwa paa wakati wa baridi kali. Hudhaniwa kuwa -icle ni kiambishi cha kudunisha, kama katika particle (chembe), basi maana iwe "kijibarafu". Kumbe kipande hicho ni mabaki ya neno kamili la kale, gicel, ambalo lenyewe tayari lilimaanisha barafu inayoning'inia! Mwingereza akisema icicle, anataja barafu mara mbili bila kujijua. Ndugu yake gicel bado yu hai Iceland: ni jökull, barafu kuu ya milimani, na ndilo lililomo katika jina la Vatnajökull, mojawapo ya barafu hizo.

Tukiwa hukohuko Iceland, husimuliwa kwamba Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, waliipa nchi jina la kutisha ("nchi ya barafu") makusudi ili wageni wasiifuate. Hadithi tamu, ila masimulizi ya kale ya Waaislandi yanasema mengine. Mviking Flóki Vilgerðarson alifiwa na mifugo yake majira ya baridi, akapanda mlima, akaona ghuba imejaa barafu, akaiita nchi hivyo. Aliyechagua jina la kuvutia watu ni Mviking mwingine, Erik Mwekundu, naye alikuwa akiinadi Greenland ("nchi ya kijani").

Mitaani Marekani "ice" ni almasi, na pia dawa ya kulevya ya methamphetamine. Si ubaridi uliozipa jina, ni kule kumeta kwake. Icing ya keki vilevile haihusiani na jokofu: ni sukari iliyokauka ikawa nyeupe, inang'aa.

Na ile ICE ya herufi kubwa mnayoisikia kwenye habari za wahamiaji si neno hili kabisa. Ni kifupisho cha jina la idara ya Marekani ya uhamiaji na forodha, iliyoundwa 2003.