Faili lako ni zima: dhana potofu kuhusu filamu ya Kwaidan

Ukifundisha sauti za filamu na ukawapa wanafunzi Kwaidan wakaitazame nyumbani, jiandae kupokea ujumbe usiku. Ujumbe wenyewe ni uleule kila muhula: "Mwalimu, faili ulilotuma sauti inakatika." Mwingine ataandika kwamba sauti imepishana na picha. Mwingine, mjuaji zaidi, atakuwa ameshaliingiza faili kwenye programu ya kuhariri na kuanza kuinyoosha sauti, eti ananisaidia. Nimeona niandike mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwa ambao hawajaiona: Kwaidan iliongozwa na Masaki Kobayashi, ikaanza kuonyeshwa Japani mwishoni mwa 1964 na mwanzoni mwa 1965. Ina stori nne za mizimu zinazojitegemea, na kwa pamoja zinachukua saa tatu na ushee. Mwaka 1965 ilipata Tuzo Maalumu ya Majaji katika tamasha la filamu la Cannes, kisha ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Haya, tuanze na kero yangu kuu.

"Sauti ni mbovu"

Malalamiko karibu yote hutoka kwenye stori ya kwanza, Nywele Nyeusi. Samurai fukara wa Kyoto anamwacha mkewe, mwanamke mfumaji, anakwenda mkoa wa mbali kuoa binti wa mkubwa. Ndoa ile inakuwa karaha tupu, nafsi inamsuta, na baada ya miaka anarudi. Mke wa kwanza yupo palepale, anafuma, na hana hata neno moja la lawama. Wanazungumza, wanalala. Kunapokucha samurai anagundua kwamba ubavuni pake pana maiti ya zamani yenye nywele ndefu nyeusi. Hapo anaanza kuhaha ndani ya nyumba iliyooza, sakafu inambomokea miguuni, uso wake unazeeka mbele ya macho yetu, na nywele zile zinamwandama.

Sasa sikiliza. Mguu unatoboa ubao, wewe husikii kitu. Anajibamiza ukutani, kimya. Halafu, pale ambapo picha haikupi sababu yoyote, mti unapasuka, mkavu, kama uko ndani ya sikio lako. Hiyo ndiyo "hitilafu" ninayotumiwa ujumbe saa tano usiku.

Aliyeipanga hivyo ni Toru Takemitsu (1930–1996), mtunzi ambaye muziki alijifunza kwa kiasi kikubwa peke yake, na ambaye mwaka 1960 alikuwa ameshatunga kazi nzima kwa kutumia sauti za matone ya maji zilizorekodiwa. Kwa Nywele Nyeusi alichukua mbao za kweli: zikachanwa, zikapasuliwa, zikavunjwa, zikarekodiwa. Kisha akazigeuzageuza na kuzipanga kwenye tepu ya sumaku. Kazi ya tepu enzi hizo ilikuwa ya wembe na gundi: unapima urefu, unakata, unaunga, unasikiliza, unakata tena. Niambie, nani atafanya kazi ya namna hiyo kwa tukio zima, kila kipande mahali pake, kisha iwe amekosea kwa bahati mbaya?

Mantiki yake wala si ngumu. Jicho likiona mguu unakanyaga na sikio likapokea kishindo papo hapo, akili inavifunga viwili hivyo kuwa kitu kimoja na kuendelea na mambo yake. Mtazamaji ametulia, anaamini nyumba ile ni nyumba. Ukikata kile kifungo, jicho linaona jambo moja na sikio linapokea jingine, na mtazamaji anaanza kuhangaika bila kujua anahangaikia nini. Samurai naye yuko katika hali hiyohiyo: alichokiona jana usiku na kilichopo asubuhi havikubaliani. Yaani sauti imemtia mtazamaji ndani ya kichwa cha yule bwana, bila yeyote kusema neno. Muziki wa kawaida wa filamu za kutisha hufanya kinyume. Unakupigia honi kabla ya hatari, na ukishapigiwa honi umeshajikaza, mshtuko unaobaki ni wa misuli tu.

Kimya nacho kina kazi. Wanafunzi wangu huongea juu ya kimya kana kwamba ni mahali ambapo mhariri wa sauti alikwenda kunywa chai. Mlio wa mti unaopasuka una ukali ule kwa sababu kabla yake hapakuwa na nyayo, hapakuwa na upepo, hapakuwa hata na pumzi. Ujaze hapo upepo wa maktaba ya sauti, ule wa bure ambao kila mtu anao kwenye kompyuta yake, uone kama mti utakushtua.

Nina dhana yangu kuhusu chanzo cha tatizo. Wengi wetu Tanzania, na Uganda pia, filamu za Asia tulizijua kupitia vibanda umiza na muvi zilizotafsiriwa. DJ anayetafsiri hawezi kuvumilia sekunde kumi bila kusema kitu. Atatia utani, atamsalimia rafiki yake, atatabiri nani atakufa. Simlaumu, wengine ni wasanii hasa, na bila wao mashabiki wengi wasingefuata hadithi. Ila masikio yaliyokuzwa hivyo huhesabu kimya kuwa ni kukatika kwa umeme.

Stori ya pili, Mwanamke wa Theluji, malalamiko yanageuka: "Upepo unasikika kama filimbi." Naam, kwa sababu ni filimbi! Ni shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, ambayo mlio wake umebadilishwa kwa vyombo vya kielektroniki hadi ukakaa katikati ya upepo na pumzi ya mtu. Na yule mwanamke huua kwa kupumua. Kijana Minokichi amejibanza kibandani pamoja na mzee anayefanya naye kazi, dhoruba iko nje, mwanamke mweupe anainama na kumpulizia mzee mpaka anaganda. Upepo na pumzi yake vingetenganishwaje?

Ushauri wangu, ambao natoa kila mara na haufuatwi: usiitazame kwa spika ya simu. Spika ile haitoi sauti nzito za chini, na milio hafifu inamezwa na feni ya chumbani. Tumia hedifoni, na za waya zinatosha kabisa. Tazama usiku. Weka sauti kwa kipimo kinachokufaa wakati watu wanaongea, kisha ondoa mkono. Narudia, ondoa mkono. Atakayeongeza sauti wakati wa kimya akidhani imepungua, mti ukipasuka atanikumbuka.

"Hawakuwa na hela, ndiyo maana anga ni la kuchora"

Hii nayo inanipandisha presha, ila nitakuwa mfupi. Kwaidan ilikuwa miongoni mwa filamu ghali zaidi kuwahi kutengenezwa Japani hadi wakati ule. Karibu yote ilipigwa ndani ya jengo kubwa lililokuwa la kuhifadhia ndege, na maanga yale yakachorwa kwa mkono. Kobayashi alijua sana kupiga picha nje. Miaka michache kabla alikuwa ametengeneza filamu ya vita yenye sehemu tatu na jumla ya zaidi ya saa tisa, matope na baridi vikiwa vya kweli. Kwenda kupiga picha mlimani kungemgharimu kidogo kuliko kuujenga mlima ndani ya jengo.

Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Waseda, na hapa alitaka kila rangi iwe chini ya amri yake. Tazama Mwanamke wa Theluji: angani kuna macho makubwa yanayomtazama kijana tangu mwanzo. Watu huniambia ni "efekti za kizamani". Hakuna mahali macho hayo yanajidai kuwa mawingu. Ni macho, yamechorwa, na unatakiwa uyaone.

"Hoichi aliadhibiwa"

Katika stori ya tatu, Hoichi ni kipofu, mpigaji wa biwa (ala ya nyuzi ya Kijapani), anayeishi hekaluni karibu na bahari ya Dan-no-ura. Huko mwaka 1185 ukoo wa Heike uliangamizwa na ukoo hasimu wa Genji katika vita vya majini, na mfalme mtoto Antoku akazama pamoja na watu wake. Mizimu ya Heike inamwita Hoichi usiku baada ya usiku awaimbie kisa cha kufa kwao. Makuhani wanapogundua, wanamwandika mwili mzima Sutra ya Moyo, andiko takatifu la Kibudha, kwa brashi na wino ili asionekane. Wanasahau masikio. Mjumbe wa mizimu akija, anachokiona gizani ni masikio mawili tu, basi anayang'oa ili apeleke ushahidi kwamba alitii amri.

Watazamaji wetu wanatafuta dhambi. Lazima Hoichi alikosa kitu, alivunja mwiko, aliimba visivyostahili. Hakukosa chochote. Aliitwa akaenda, aliambiwa akae kimya akakaa, hata alipong'olewa masikio hakutoa sauti. Uzembe ni wa waliomwandika. Na baada ya hapo sifa zake zinaenea, watu wakubwa wanakuja kumsikiliza na zawadi tele, anatajirika. Wafu nao, ukiwatazama vizuri, si wabaya: wanalia kwa uchungu wa kusikia habari zao zikiimbwa na mtu anayejua kuimba. Mimi kama mtu wa sauti naipenda stori hii kuliko zote nne, na nakiri upendeleo huo unanifanya niwe mkali kwa anayemhukumu Hoichi.

Kuna pia wanaoamini maandishi yale yalichanjwa mwilini. Ni wino, unaooshika.

"Ni ngano za asili, zimetoka midomoni mwa wazee moja kwa moja hadi kwenye filamu"

Njia haikuwa fupi hivyo. Katikati yupo Lafcadio Hearn, aliyezaliwa 1850 katika kisiwa cha Lefkada kwa mama Mgiriki na baba wa Ireland, akakulia Dublin, akawa mwandishi wa magazeti Cincinnati na New Orleans, akafika Japani 1890. Huko alimwoa Koizumi Setsu, akapata uraia mwaka 1896 kwa jina la Koizumi Yakumo, akafa Tokyo 1904. Setsu ndiye aliyemsimulia nyingi ya hadithi hizo, naye Hearn akaziandika kwa Kiingereza. Stori mbili za filamu zimo katika kitabu chake cha 1904, Nywele Nyeusi imo katika cha 1900, na ya nne katika cha 1902.

Wapo walioniambia, wakishasikia hayo, kwamba basi ni utunzi wa Mzungu. Hapana pia. Kisa cha samurai aliyelala na maiti ya mkewe kimo katika Konjaku Monogatari, mkusanyiko wa hadithi wa karne nyingi kabla Hearn hajazaliwa. Ila kwa Hearn nywele hazimkimbizi mtu. Samurai anagundua maiti, anatoka nje, anamuuliza jirani, anaelezwa. Kuandamwa na nywele ni nyongeza ya filamu, na mswada aliuandika Yoko Mizuki.

"Stori ya mwisho iliishia njiani kwa sababu bajeti ilikwisha"

Iliishia njiani makusudi. Hearn aliikuta kama kipande kisicho na mwisho, akakiandika hivyohivyo na kumwachia msomaji kazi: mtu anaona uso wa mwingine ndani ya kikombe cha chai, na anakunywa. Filamu inaongeza mwandishi wa kisa hicho na hatima yake. Sitaitaja, ila usizime mapema.

"Mizimu ya Kijapani yenye nywele usoni ilianza na Ring"

Ring, filamu ya kutisha ya Kijapani, ni ya 1998. Mwanamke mfu mwenye vazi jeupe na nywele zilizoachiwa yumo kwenye michoro ya Japani tangu karne ya 18, na jukwaani Oiwa, mzimu wa kike wa tamthilia ya kabuki, alishawatisha watu wa Edo (Tokyo ya zamani) mwaka 1825. 

"Nimeshaiona yote"

Labda hujaiona. Kamili ina dakika 183. Kwa ajili ya Cannes ilipunguzwa hadi 161, na Marekani msambazaji aliinyofoa kabisa Mwanamke wa Theluji, kwa hiyo nakala za stori tatu zilizunguka duniani kwa miaka mingi na bado zinazunguka. Kabla hujamaliza bando, angalia urefu wa faili. Ukikuta stori ziko tatu, tafuta nyingine. Na kama huna saa tatu za mkupuo, igawe: Nywele Nyeusi na Mwanamke wa Theluji usiku mmoja, Hoichi na kikombe cha chai usiku wa pili. Kobayashi ameshaitenganisha kwa ajili yako. Hedifoni usisahau.