Trei za mayai hazizuii bodaboda: dhana potofu za anayerudi kurekodi nyumbani

Boksi lilikaa uvunguni mwa kitanda miaka 14. Ndani mlikuwa na maiki moja ya dainamiki iliyovishwa soksi, saundi kadi ya nje, nyaya tatu, hedifoni ambazo ngozi yake ilibaki mikononi nilipozishika, na CD 12 nilizozipa namba kwa kalamu ya wino mzito. Niliacha kurekodi mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nikajiambia ni mapumziko ya mwezi mmoja. Nilipolivuta lile boksi juzi, kila niliyemwambia alikuwa na ushauri wake, na ushauri mwingi haukuwa kweli. Watu hawakukusudia kunidanganya. Ni mambo yanayorithiwa studio hadi studio, mtu akimfundisha mwenzake kama alivyofundishwa.

Nianze na lile nililoliamini mwenyewe kwa miaka mingi.

“Bandika trei za mayai, sauti haitoki wala haiingii”

Mwaka 2005 nilizunguka kwa wauza chipsi wa mtaani kwetu Tabata nikiomba trei tupu. Nikapata zaidi ya 80, nikazipaka rangi nyeusi, chumba kikapendeza kweli. Aliyeingia alijua hii ni studio. Na lori likipita barabarani, lilisikika kwenye wimbo vilevile.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu ya kazi. Tunasema “kuua sauti” tukimaanisha kazi mbili tofauti: kuzuia sauti isipite ukutani, na kutuliza mwangwi ndani ya chumba. Kuzuia sauti kunataka uzito, yaani tofali, zege, mlango mzito usio na mwanya chini. Trei ni karatasi, haina uzito wowote wa kuzuia bodaboda. Kwenye mwangwi nako inasaidia kidogo tu, tena kwa sauti kali za juu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya besi ya Hz 100 ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4. Kitu chenye kina cha sentimita tano hakiligusi wimbi hilo. Unabaki na chumba kilichomeza ukali wa “s” na “t” na kuacha mvumo wote wa chini, mwimbaji akasikika kama yumo ndani ya pipa. Tena karatasi kavu kuta nzima, karibu na soketi za umeme, ni kuni zinazosubiri cheche.

Siku hizi natumia godoro. Nalisimamisha nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia husikiliza mbele, na mbele yao, nyuma ya kichwa cha mwimbaji, ndiko ukuta unakorudishia sauti. Juu natundika blanketi zito. Kelele za nje dawa yake ni saa tu. Narekodi saa 8 usiku hadi saa 10, kabla ya adhana na kabla jogoo wa jirani hajaanza vurugu zake. Feni nazima. Jasho linatoka, lakini jasho halisikiki kwenye rekodi. Mvua ikinyesha juu ya bati, nalala.

“Kondensa ndiyo maiki ya studio, dainamiki ni ya jukwaani”

Kijana wa nyumba ya pili, prodyuza wa siku hizi, alikuja kuniamkia. “Shikamoo kaka,” akaitazama maiki yangu, “sasa kaka, hii si ya kusomea risala?”

Kondensa, maiki nyeti inayotaka umeme, inasikia mengi, kweli, na humo ndimo kasoro yake kwa chumba kama changu. Inasikia friji ya sebuleni, inasikia mbwa wa mtaa wa tatu. Dainamiki inataka uisogelee, na ukiisogelea unashinda kelele: kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6 huku friji ikibaki palepale. Kutoka sentimita 40 hadi 10 umepata desibeli 12 bila kununua kitu. Ukisogea hivyo besi ya sauti yako nayo inaongezeka, hilo ulitegemee, na herufi “p” zitapiga pumzi, kwa hiyo geuza maiki pembeni kidogo.

Kuhusu heshima ya studio, Shure SM7 ni dainamiki ya mwaka 1973, na ndiyo mhandisi wa sauti Bruce Swedien aliyoitumia kurekodi sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller mwaka 1982. SM57 na SM58 ni za miaka ya 1965 na 1966 na bado zinatengenezwa. Nilimweleza kijana haya yote. Akasema sawa kaka, kwa sauti ya mtu asiyesadiki.

Na sisi wa pwani tuna sababu nyingine. Kondensa haipendi unyevu, ikiushiba huanza kupasukapasuka na kuvuma. Ukiwa nayo, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

“Vya zamani vyote takataka, USB za sasa ni nyingine”

Hesabu hii inafaa uifanye kabla ya kwenda dukani. Njia mbili za sauti, kila moja biti 24 (biti za kompyuta, si biti za kurapia), sampuli 48,000 kwa sekunde, ni jumla ya biti milioni 2.3 kwa sekunde. USB 2.0, ya tangu mwaka 2000, inabeba hadi milioni 480. Kwa mtu mmoja na gitaa lake, barabara ile bado ni pana mno. Saundi kadi nyingi mpya zenye tundu la USB-C bado zinaongea USB 2.0 ndani.

Kinachoua vifaa vya zamani ni dreva, yaani programu inayokifanya kifaa kielewane na kompyuta. Saundi kadi yangu ilikuwa nzima kabisa, taa iliwaka, lakini mtengenezaji hakuwahi kuitolea dreva ya Windows za baadaye. Hiyo niliizika. Nyaya zilifutwa kutu zikaendelea na kazi, hedifoni zikavalishwa ngozi mpya, na maiki haikuhitaji hata kufutwa. Mwenye kadi ya FireWire ana mtihani mgumu zaidi, maana tundu lenyewe limetoweka kwenye kompyuta mpya.

“Bila kraki hupati programu”

Kraki ni programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipia. Enzi zetu CD za Kariakoo ndizo zilizokuwa chuo chetu, sitakataa. Lakini sababu imekwisha. Reaper, programu ya kurekodi, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwenye Mac ana GarageBand tayari. Mwenye leseni ya FL Studio hupewa matoleo mapya bure daima, hata kama aliinunua enzi ya shule. Kraki leo ni njia ya kukaribisha virusi kwenye kompyuta yenye picha za watoto.

“Rekodi mpaka taa ikaribie nyekundu”

Ushauri huu ulikuwa na maana kwenye kaseti, ambako ukirekodi chini sana unaambulia mvumo wa utepe. Kwenye biti 24 una nafasi ya desibeli 144 kinadharia, na kila biti ni kama desibeli 6. Ukiacha kilele cha sauti kwenye desibeli -12 umepoteza biti mbili tu, na hakuna sikio litakalozidai. Ukigonga nyekundu, mkwaruzo ule ni wa kudumu.

Kukandamiza wimbo mzima ili uwe na kelele kuliko wa jirani nako kumepitwa. Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na YouTube nayo hushusha zinazozidi. Utabaki na wimbo uliobanwa pumzi, na sauti yake wameishusha.

“Kazi za zamani zimeshapotea”

Hapa ndipo nilipochelewa usiku mwingi. Mafaili ya mradi yalifunguka, ila vyombo vingi vikawa kimya: plagini zake, yaani programu ndogo zinazopiga vyombo hivyo, zilikuwa za biti 32, na programu nyingi za sasa ni za biti 64. Mac iliziacha kabisa za 32 kwenye toleo la Catalina, mwaka 2019. Zilizonusurika ni nyimbo nilizokuwa nimezitoa njia moja moja kwa WAV. Mfumo huo ni wa mwaka 1991 na unafunguka popote. Laiti ningezitoa zote.

Zile zilizobaki kama MP3 moja tu, biti (mdundo) na sauti pamoja, nilidhani hazina tena dawa. Zipo programu za kutenganisha. Kampuni ya muziki ya Deezer ya Ufaransa iliitoa Spleeter bure mwaka 2019, na nyingine zimefuata. Sauti ya mwimbaji inatoka ikiwa na majimaji kidogo, kama mtu aliyetoka kuogelea, lakini inatoka, na unaweza kuitengenezea biti mpya.

CD nane kati ya 12 zilisomeka. Tatu zimevuliwa na unyevu, tabaka la juu linabanduka kama ganda. Namba 7 haina alama hata moja, kompyuta inaizungusha na kuitema. Ndiyo yenye wimbo niliorekodi na marehemu kaka yangu, kwenye chumba kile chenye trei. Draivu hazilingani, iliyoshindwa na moja huweza kusomwa na nyingine, hasa za zamani. Nimeipeleka kwa fundi mwenye kompyuta sita za kizamani kwenye kibanda chake. Kaniambia nirudi Jumanne.