Mwaka wa Shamba Dogo Ukihesabiwa kwa Saa za Familia

Mwaka wa kilimo unapofika mwisho, swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni la magunia: yamevunwa mangapi, na yamebaki mangapi ghalani. Kwa taaluma mimi ni mchumi wa kilimo, na kwa maisha ni mama wa watoto watatu ninayeishi na kufanya kazi katika shamba lisilofika hekta mbili, pamoja na mume wangu na mama mkwe, kwa hiyo swali hilo nimelizoea mezani na nimelizoea kwenye matuta. Baada ya kuufunga mwaka huu na kulipitia daftari la shamba ukurasa kwa ukurasa, nimezidi kuamini kwamba gunia hutueleza kidogo sana kuhusu familia iliyolijaza. Kipimo ninachokitegemea zaidi ni saa: nani alifanya kazi ipi, katika wiki gani, na kazi hiyo ilimtoa kwenye jambo gani.

Mashamba ya ukubwa huu si jambo la pembeni. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, duniani kuna mashamba zaidi ya milioni 600, na yapata asilimia 84 kati ya hayo hayazidi hekta 2. Yanatumia asilimia 12 hivi ya ardhi yote ya kilimo, lakini yanazalisha karibu theluthi moja ya chakula. Umoja wa Mataifa uliutenga hata muongo mzima wa 2019 hadi 2028 kuwa wa kilimo cha familia. Pamoja na heshima hiyo yote, mjadala kuhusu wakulima wadogo huzunguka ardhi, mbegu, mbolea na mikopo, na nguvukazi ya familia huchukuliwa kana kwamba ni maji ya mto, ipo tu na haina gharama.

Daftari letu ni la kawaida, lenye safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, kazi, aliyeifanya, na muda kwa makadirio ya nusu saa. Anayejaza kila jioni kwa makadirio atapata picha ya kweli kuliko anayekusudia kupima kwa dakika kisha akachoka kabla mwezi haujaisha. Sharti moja ambalo silegezi ni kwamba kazi za nyumbani ziandikwe humo humo pamoja na za shambani. Kupika, kufua, kuteka maji, kumsimamia mtoto masomo yake na kumuuguza aliyelala na homa ni kazi zinazotoka katika mwili ule ule unaoshika jembe, na daftari linaloziacha nje humfanya mtu aliyechoka kwa haki aonekane mvivu. Mama mkwe, ambaye daima husema kwamba siku hizi yeye hafanyi lolote, amejaza kurasa nyingi kuliko yeyote alivyotarajia: kuchambua mbegu, kupukuchua mahindi, kuyageuza juani, kulinda vifaranga visichukuliwe na mwewe. Mpaka leo hajakubali kwamba hizo ni kazi.

Saa hizo zikipangwa katika wiki 52, mchoro unaotokea una milima na mabonde. Zipo wiki ambazo sisi watu wazima watatu tulipata nafasi ya kukarabati ua na bado tukalala mchana, na zipo ambazo hata tungekuwa sita tusingetosha. Mtu asiyelima hudhani kwamba kilele ni mavuno. Kwetu, kama kwa wengi wanaolima kwa jembe la mkono, kilele ni palizi ya kwanza, na sababu yake iko katika mmea wenyewe. Mahindi huvumilia magugu katika siku za mwanzo kabisa, na yakishafunga kivuli huyakandamiza yenyewe. Lakini katikati ya hapo, takriban kuanzia wiki ya pili hadi ya sita tangu yaote, kila gugu linaloachwa linanyonya maji na naitrojeni ambayo mmea ungeitumia kujenga majani na kuandaa gunzi, na hasara ya kipindi hicho hairudishwi na palizi ya baadaye hata ikiwa safi namna gani. Mvua nayo huongeza ugumu, kwa sababu inapokuwa ya mfululizo gugu lililong'olewa na kulazwa juu ya tuta hushika mizizi upya, hasa yale yenye mashina yanayotambaa, hivyo inabidi kulikung'uta udongo wote na kulitoa nje ya shamba, na mstari uliotakiwa kumalizika kabla ya jua kuwa kali unafika alasiri.

Kutokana na hayo, ukubwa halisi wa shamba la familia hauwekwi na vigingi vya mpaka. Unawekwa na eneo ambalo mikono iliyopo inaweza kulipalilia ndani ya wiki hizo chache, na kila kinachopandwa zaidi ya hapo ni mbegu na mbolea zilizolishwa magugu. Maharage tuliyoyachanganya na mahindi yalitusaidia hapa kuliko yanavyosifiwa. Watu huyataja kwa ajili ya naitrojeni, na ni kweli kwamba ukiing'oa mizizi yake taratibu na kupasua vinundu kwa ukucha utakuta ndani rangi ya waridi, dalili kwamba bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani wanafanya kazi. Lakini maharage ya kawaida ni dhaifu katika jambo hilo ukiyalinganisha na kunde. Faida tuliyoiona daftarini ni kwamba yalifunika udongo mapema, na palizi ya pili ikawa nyepesi.

Mwanauchumi wa Urusi Alexander Chayanov, katika kazi kubwa aliyoichapisha mwaka 1925, alieleza kwamba shamba la familia haliendeshwi kwa hesabu ya kampuni, kwa kuwa halilipi mishahara: wanafamilia huongeza kazi hadi pale ambapo uchovu wa kuendelea unazidi haja ambayo kazi hiyo ingetimiza. Alionyesha pia kwamba mzigo huo hubadilika kadiri ndoa inavyokua. Wenzi wapya wana mikono miwili kwa kila kinywa. Watoto wanapoongezeka, vinywa huizidi mikono na kila mtu mzima hulazimika kufanya zaidi. Kisha kifungua mimba anapoanza kusaidia, uzani huanza kurudi. (Chayanov mwenyewe alikamatwa mwaka 1930 na kuuawa mwaka 1937, katika enzi ambayo dola ya Kisovieti ilikuwa ikiyafuta mashamba ya aina aliyoitetea.) Nikilisoma daftari letu kwa macho yake, naiona familia iliyo karibu na kilele cha mzigo: kitindamimba ameanza kutembea na anahitaji mtu wa kumfuata kila hatua, kifungua mimba ana miaka 13, na bibi yao, ambaye ndiye aliyeturuhusu kwenda palizi kwa kubaki na mtoto, nguvu zinampungua. Saa za kulea huongezeka katika wiki zile zile ambazo shamba linadai saa zake, na hakuna mbegu bora inayoliondoa gongano hilo.

Mifugo ni habari nyingine. Mazao hudai kwa msimu, mifugo hudai kila siku, na kwa jumla ya mwaka mzima mbuzi wetu wa maziwa na kuku walichukua saa nyingi kuliko shamba la mahindi, ingawa hakuna siku hata moja ambayo mtu angesema kazi ya bandani imemvunja mgongo. Kukamua ni asubuhi na jioni. Kiwele kilichoachwa na maziwa hukaribisha ugonjwa, kwa hiyo hakuna safari ya familia nzima, daima kuna anayebaki. Lakini mifugo ina nafasi ya kupanga ambayo mvua haiitoi. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, na anayeamua siku ya kumwingiza beberu bandani ameamua pia ni wiki gani, miezi mitano baadaye, familia itakesha.

Mwaka huu majike walizaa baada ya palizi, kama tulivyokusudia, na ndiyo sababu tulikuwa na nguvu ya kukesha. Mmoja alizaa pacha usiku. Wa kwanza alisimama upesi, wa pili alilala ubavu akipumua kwa shida. Binti yangu alishika tochi, mume wangu akamfuta ute puani kwa kitambaa kikavu na kumsugua mbavu kwa majani makavu, mimi nikapaka kitovu iodini kisha nikamkamua mama yake dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, katika kikombe na kumnywesha mwana kidogo kidogo, nikingoja ameze kabla ya kuongeza. Haraka hiyo ina maelezo. Kinga ya mama haipiti kwenye kondo la mbuzi, kwa hiyo mwana huzaliwa bila ulinzi na huupata wote katika dang'a, na utumbo wake huweza kuupokea ulinzi huo vizuri katika saa chache za mwanzo tu. Ikipita siku moja mlango umefungwa. Binti yangu alitaka kujua kama ndivyo ilivyo na kwa watoto wa binadamu. Nilimweleza kwamba sisi hupata sehemu ya kinga tukiwa bado tumboni, akaridhika, akaanza kuulizia paka.

Mtu anaweza kuuliza ni halali gani mtoto kuwa bandani usiku, na swali hilo ni la haki. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 138 wa mwaka 1973 unaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi ambazo uchumi wake haujaendelea vya kutosha, mradi isidhuru afya wala masomo, na kazi ya hatari unaiwekea umri wa miaka 18. Lakini mkataba huo huo unaziruhusu nchi za kundi hilo, mwanzoni, kuyaacha nje mashamba madogo ya familia yanayozalisha kwa matumizi ya hapo hapo na yasiyoajiri watu mara kwa mara. Yaani pale ambapo watoto wengi hufanya kazi, mpaka unaweza kuachiwa mzazi. Kwangu mpaka ni daftari. Mtoto kutazama, kushika tochi, kukusanya mayai na kuuliza maswali siandiki kama kazi. Ikifika mahali jina lake linaonekana katika safu ya tatu siku baada ya siku katika wiki za shule, hiyo ni kazi, na maana yake ni kwamba tumepanda kupita uwezo wetu na yeye ndiye anayelipa tofauti. Dawa za kuua wadudu haguswi nazo kabisa, hata kubeba bomba tupu.

Kuhusu ukaushaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ndipo kazi ya mwaka mzima inapoweza kupotea. Mama mkwe huitia punje mdomoni na kuing'ata. Ikipasuka kwa mlio mkavu, anasema tayari. Mimi hutia chumvi kavu katika chupa kavu, nikaongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, nikatikisa kwa dakika chache na kuiacha itulie: chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Kipimo hicho hakimalizi hoja, kwa sababu mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13 hivi ili ukungu unaoleta sumukuvu usistawi, kwa hiyo hata chumvi isipoganda bado tunaanika zaidi. Mara nyingi jino lake na chupa yangu vilikubaliana. Magunia yasiyopitisha hewa yaliyatunza mahindi bila dawa, maana fukusi waliofungiwa humo huimaliza oksijeni na kufa.

Sasa hesabu. Njia ya kawaida huchukua mapato, ikatoa fedha zilizolipwa, na kinachobaki kikaitwa faida. Kwa njia hiyo karibu kila shamba la familia huonekana linalipa, kwa kuwa gharama yake kubwa kuliko zote haijaandikwa. Njia ya pili huipa kila saa ya familia ujira wa kibarua, na hapo karibu kila shamba huonekana ni hasara, jambo ambalo nalo si kweli, kwa sababu saa ya bibi anayepukuchua mahindi huku akimwangalia mjukuu haina soko la kuiuza. Mimi huigawanya faida ya kila zao kwa saa zilizotumika juu yake, kisha nikazipanga shughuli kwa daraja, bila kuweka bei ya saa. Kwa mpangilio huo bustani ya mboga iliyo karibu na nyumba iliongoza, maharage yalifuata, na maziwa ya mbuzi, ambayo kwa fedha yalikuwa juu, yalishuka sana kwa sababu ya saa za kukata na kubeba malisho kutoka mbali.

Kwa hiyo mwaka ujao mahindi yatapungua kwa kile kipande cha chini ambacho palizi yake ilichelewa. Mume wangu angependa kipandwe hivyo hivyo, kwa hoja kwamba mvua njema ingekilipa. Hoja yangu ni kwamba mvua njema ni njema kwa magugu pia. Tumeafikiana kukipanda majani ya malisho, ambayo yakishika hayadai palizi kama ya mahindi na yataleta chakula cha mbuzi karibu na banda. Fedha ya vibarua, ambayo kwa miaka yote tuliitumia wakati wa mavuno, itahamia kwenye palizi ya kwanza, na mavuno tutayafanya wenyewe polepole. Beberu ataendelea kutengwa hadi tarehe ya kumwingiza ifike, nayo tutaikokotoa tena kwa kuhesabu nyuma siku 150 kutoka wiki ambayo palizi inatarajiwa kuwa imekwisha.