Krimu ya kuchovya haipikwi, kwa hiyo baridi yake isikatike

Kaskazi likiingia na maembe yakijaa kwenye masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe hapa Unguja, shughuli nazo huzidi: arusi, familia kukutana ufukweni, jamaa kurudi kutoka nje na kila nyumba kutaka kuwakirimu. Siku hizi, pembeni ya sambusa na visheti, hakosi mtu aliyeleta bakuli la krimu tamu ya kuchovya. Ni rahisi, haihitaji jiko wala oveni, na watoto wanaipenda. Msimu huohuo ndipo sisi wa ukaguzi wa chakula tunapopokea simu nyingi zaidi kuhusu watu waliotapika baada ya shughuli, na vitu vya maziwa haviishi kutajwa. Ndiyo maana naandika haya.

Sisemi krimu hii iachwe. Nasema kitu kimoja: chakula kisichopita motoni hakina pahala pengine pa kusafishika. Mchuzi ukiingia uchafu kidogo, utachemka. Krimu haichemki. Kilichoingia kwa mkono, kitambaa au maji ya bomba ndicho kitakachofika mezani, na kinachokizuia kisizaliane ni baridi tu.

Basi tuitengeneze. Chukua mtindi lita 1, wa maziwa yaliyochemshwa au yaliyosindikwa kiwandani. Uchuje kwa kitambaa safi juu ya chujio, ndani ya friji, usiku kucha. Utabaki karibu nusu yake, mzito. Nasisitiza ndani ya friji, kwa sababu wengi huutundika dirishani jikoni kwa hoja kwamba mtindi umeshachacha, utaharibika nini tena? Uchachu wa mtindi unasaidia, lakini hauzuii nzi kutua juu ya kitambaa, na kitambaa chenyewe mara nyingi ndicho kilichochujia tui jana.

Piga krimu ya maziwa mililita 250 hadi isimame. Soma kopo kabla ya kununua: krimu yenye mafuta chini ya asilimia 30 haitasimama hata ukiipiga hadi mashine ikaungua. Krimu, bakuli na vipigio vyote viwe baridi sana, maana mafuta ya krimu ndiyo yanayoshikilia hewa, na yakipata joto hulainika na kuiachia.

Kwenye mtindi tia nusu kopo la maziwa mazito matamu, kama gramu 200, chumvi chembe, iliki ya kusaga, na vijiko viwili vya maji ya ndimu. Koroga na utaona mchanganyiko unakaza wenyewe. Ni kwa sababu tindikali ya ndimu inagandisha protini ya maziwa, na ndiyo siri ya kitu hiki kushikana bila unga wala moto. Halafu tia kikombe kimoja cha embe lililosagwa, dodo au boribo, lisiwe na nyuzi nyingi. Mwisho changanya ile krimu uliyopiga, polepole kwa mwiko. Funika, weka kwenye friji si chini ya muda wa saa 2. Inatosha watu kumi.

Nanasi na papai msisage humo. Yana vimeng'enya vinavyokata protini, na krimu iliyokaa navyo usiku mmoja hulegea na kuwa chungu. Watu hudhani imechacha, wakalaumu maziwa. Nanasi mnalitaka? Likateni vipande vya kuchovya, au lichemsheni kwanza lipoe. Kwa kuchovya vinafaa pia vileja, biskuti na ndizi. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, kwa maji salama, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani.

Mapishi mengi yanayozunguka kwenye simu yanaongeza ute wa yai bichi uliopigwa, ili krimu iwe nyepesi. Hapana. Kijidudu kiitwacho salmonela hukaa juu ya ganda na huweza kuwa ndani ya yai zima lisilo na ufa. Kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wa sukari hilo si jambo la kubahatisha. Maziwa mabichi ya ng'ombe nayo hayana nafasi humu, hata ng'ombe awe wa nyumbani na unamjua kwa jina. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo humpata binadamu kwa njia hiyohiyo. Na anayetaka kutumia tui la nazi alichemshe, alipoze haraka na alitumie siku hiyohiyo.

Sasa tufike kwenye saa, maana hapa ndipo tunapobishana kila mwaka. Vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula kama hiki kisikae nje ya baridi zaidi ya muda wa saa 2, na joto likipita nyuzi 32, kama inavyotokea hapa mchana wa Februari, ni saa 1 tu. Muda huo unajumlishwa. Nusu saa kwenye gari, robo saa mkisubiri bwana harusi, dakika ishirini mezani: zote zimo. Kurudisha bakuli kwenye friji hakufuti muda uliopita. Muda ukiisha, kinachobaki kinamwagwa. Najua inauma, krimu ni ghali. Kimwagwe.

Jamani, kunusa si kipimo. Vijidudu vinavyochachusha maziwa ni vingine na vinavyowatia watu maradhi ni vingine. Stafilokoka, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikononi, akizaliana kwenye krimu hutoa sumu isiyobadilisha harufu wala ladha, na hata ukichemsha baadaye sumu hiyo haiondoki. Mtu huanza kutapika ndani ya saa chache. Kwa hiyo mwenye kidonda mkononi asiishike kazi hii siku hiyo. Nako kutegemea ndimu kuua vijidudu, au sukari kuhifadhi, ni kujidanganya. Kiasi tulichotia hapa ni cha ladha na kukaza, hakikaribii sukari ya jemu. Friji nalo haliui, linachelewesha.

Umeme ukikatika, msifungue friji kila mara kuangalia. Likibaki limefungwa huhifadhi baridi kama saa 4. Wenye umri wanakumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme kutoka Bara baada ya hitilafu ya waya wa baharini. Sipendi kusikia mtu akisema "umerudi, basi imepona" baada ya usiku mzima.

Kwa wanaopeleka shughulini, hasa wanaovusha kwa boti kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi Mkoani, Pemba: tumieni deli lenye barafu ya kutosha kuzunguka chombo, na krimu iwe imekaa kwenye friji usiku kucha kabla ya kuingizwa humo. Barafu ya samaki isiguse chombo cha chakula, hata kikiwa kimefungwa. Mezani wekeni bakuli dogo juu ya barafu, mkijaza tena kwa bakuli jingine safi, si kumimina krimu mpya juu ya iliyobaki. Kula sinia moja ni uungwana wetu na sitaki uondoke, lakini kipande kilichoumwa kisirudi kwenye bakuli la watu wote. Kijiko cha kugawia na vikombe vidogo vinamaliza tatizo hilo bila mtu kuaibika.

Anayetengeneza kwa ajili ya kuuza, hata kama anauza kwa simu na jikoni ni kwake, anafanya biashara ya chakula. Hili linapingwa sana: "mimi si kiwanda." Sheria ya Zanzibar ya Chakula, Dawa na Vipodozi Nam. 2 ya 2006, pamoja na marekebisho yake, haiangalii ukubwa wa jiko. Njooni Wakala wa Chakula na Dawa mapema mjue usajili unavyokwenda, kabla ya kupokea oda ya arusi. Kwenye kikombe kinachouzwa andikeni jina la chakula, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina lenu na mahali mlipo, na agizo la kuhifadhi kwenye baridi. Mkaguzi akifika ana mamlaka ya kuingia, kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa. Muombeni kitambulisho, ni haki yenu. Sampuli ifungwe na kutiwa lakiri mbele yenu, nanyi mtie saini. Bidhaa isiyofaa huteketezwa, na kuuza chakula kisichofaa kwa binadamu au kilichopita muda ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Kumficha mkaguzi friji la pili hakusaidii. Kunaongeza kosa jingine juu ya la kwanza.

Mtu akiumwa baada ya kula, aende hospitali au kituo cha afya, hasa akiwa mtoto, akiwa na homa, akitoa damu au akishindwa kunywa. Njiani apewe maji ya chumvichumvi. Kama hakuna pakiti, lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Krimu iliyobaki msiitupe safari hii. Ifungeni kwenye chombo safi, iandikeni "isiliwe", iwekeni kwenye friji, na makopo yake yahifadhini yalivyo. Mnapotupigia tuelezeni ilitengenezwa saa ngapi, ilitolewa kwenye baridi saa ngapi, nani walikula, na nani walikuwepo lakini hawakula, kwani hao wa mwisho hutusaidia kujua ni chakula kipi kati ya vyote kilicholeta madhara.